Theluji ya Juu ya Handaki

Siku ile mjinga alikuwa Egon, na mwenyewe hakuwahi kukana. Wapo watu wanaofanya ujinga wakiwa wamelewa, wapo wanaoufanya kwa hasira, na wapo, kama Egon Mårtensson, wanaoamka asubuhi, wakanyoa ndevu, wakanywa kahawa yao, kisha kwa moyo uliojaa wema wakachukua sepeto na kwenda kuwafilisi watu wanaowapenda.

Alikuwa peke yake nyumbani. Asta, mkewe, alikuwa amempeleka mama yake hospitali mjini kwa ajili ya nyonga, na binti yao Gunilla alikuwa shuleni. Ilikuwa Februari, na hewa ilikuwa imelainika ghafla. Paa lilikuwa linadondoka, njia imekuwa tope la theluji, na redioni mtaalamu wa bustani aliongea kwa sauti ya mtu aliyeshiba: “Ndugu zangu wa bustani za nyumbani, theluji imelowa na imekuwa nzito. Iondoeni juu ya miti na mapaa ya vibanda kabla haijavunja kitu.” Hakusema ndugu zake wa wapi. Egon alidhani ni yeye.

Kule Skåne alikokulia, kusini kabisa, angekuwa sahihi. Majira ya baridi ya kule ni upepo na tope. Sukuma wiki husimama kijani hadi Krismasi na kupita, vitunguu vya liki hung’olewa ardhini Januari kama mtu anavyochukua kitu kabatini, na theluji ikija huja imelowa kama nguo iliyofuliwa, ikalala siku mbili ikivunja matawi, kisha ikajiendea. Mkulima wa kule huiondoa theluji kama anavyomwondoa kuku kitandani. Lakini Egon hakuwa kule tena. Kiwanda cha meli alikofanya kazi kilikuwa kimefungwa, akabaki na mikono miwili na akiba ya kuachishwa kazi, na Asta akasema twende kwetu. Kwao ni Granmyran, Västerbotten, kaskazini, mbali na bahari, mahali ambapo mtu akisema “kuna baridi kidogo” masikio yako yameshakufa.

Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga. Egon alikuja, na mwenyeji akaumwa.

Nyuma ya zizi palikuwa na handaki la viazi la mama mkwe wake, Hildur. Lilichimbwa ubavuni mwa kilima, kuta zake za mawe, dari la magogo, na juu ya magogo udongo na nyasi. Juu ya nyasi, kila mwaka, ililala theluji ya kufika kiunoni. Ndani yake mlikuwa na vizimba viwili vya mbao: kimoja cha viazi vya kula, kingine cha viazi vya mbegu. Vilikuwa viazi vya lozi, vyembamba na vya manjano, mbegu ambayo Hildur aliirithi kwa mama yake naye kwa mama yake. Kijiji kizima kilikuwa kimeshaiacha kwa kuwa ina uvivu wa kuzaa.

Na nyumba nzima ilitegemea vizimba hivyo. Hildur alikuwa amesema wazi, mbele ya wote mezani: “Nyie pandeni shamba la ziwani mwaka huu, kwa mbegu yangu na kwa mikono yenu. Mkilijaza, shamba na nyumba nitaviandika kwa majina yenu. Mkishindwa nitamkodishia jirani yetu Edvin, nanyi mtakwenda mnakokujua.” Jiko la nyumba ya wazee alikofanya kazi Asta lilikuwa limeshaahidi kununua mavuno yote. Akiba ya Egon ilikuwa imeishia kwenye trekta kuukuu. Kwa hiyo walichokuwa nacho duniani ni trekta linalokohoa na kizimba kimoja cha mbegu.

Egon aliitazama ile theluji iliyolowa juu ya magogo ya zamani, akamwonea huruma mama mkwe wake. Akapanda juu, akaanza kufukua.

Alikuwa amefika nusu Edvin Brännström alipopita na sleji yake, kiti cha kuteleza juu ya theluji, akiisukuma kwa mguu mmoja. Edvin ni jirani, na mashamba yake yalilibana la Hildur kushoto na kulia kama mkate unavyobana jibini. Akasimama. Akasogeza ugoro chini ya mdomo wa juu.

“Leo una kazi, Bwana Kusini.”

“Napunguza mzigo, mzee. Dari hili limezeeka.”

Edvin aliangalia dari, akaangalia mbingu, akaangalia tena dari. “Naona,” akasema.

“Ukitaka nije nikufukulie na la kwako. Bure kabisa!”

“La kwangu liache lilivyo.” Akageuza sleji. “Haya. Nisalimie Hildur.”

Akaenda zake. Egon akamalizia kazi yake vizuri, hadi nyasi za kahawia zikaonekana, akachonga na kingo zikanyooka. Handaki lilikuwa limenyolewa kama kondoo wa Juni.

Hakumwambia mtu. Alitaka iwe zawadi, waione wenyewe.

*

Hawakuiona. Basi lilichelewa, wakafika giza limeingia, na Hildur akaingia kitandani moja kwa moja huku akisaga meno. Daktari alikuwa amemwambia asikanyage nje hadi atakapoambiwa. Usiku ule ilianguka theluji nyembamba, kama unga juu ya andazi, ikalisitiri kosa kwa mbali. Asta alikuwa akitoka kwenda kazini na giza na kurudi na giza. Kisha mbingu zikasafishika, nyota zikatoka nyingi kupita kiasi, na baridi halisi ikateremka.

Kipimajoto cha dirishani kilishuka hadi nyuzi thelathini na sita chini ya sifuri, kikakaa hapo wiki nzima kama mgeni asiyejua kuaga. Misumari ya ukutani ililia. Trekta halikukohoa tena, lilikuwa limekufa. Egon ndiye aliyekuwa akienda kuchota viazi, na siku ya tatu aliona manyoya meupe ya barafu yameota juu ya mawe ya ukuta wa handaki, yakimeta kwenye mwanga wa kandili. Akayagusa kwa kidole. Aliona ni mazuri. Akajaza ndoo, akafunga mlango kwa uangalifu mkubwa ili baridi isiingie.

Jumapili walikuwa mezani, samaki wa chumvi na viazi vya kuchemsha. Hildur naye alikuwa ameletwa kwenye kiti chake chenye mto. Gunilla alikuwa na miaka minane, umri ambao ukweli bado haujapata adabu.

“Bibi, viazi leo vitamu,” akasema. “Vimetiwa sukari?”

Hildur aliacha kutafuna. Akachukua kipande cha kiazi, peke yake, bila samaki, akakiweka ulimini. Uma wake ukashuka mezani taratibu.

“Asta,” akasema. “Onja.”

Asta akaonja. Akamtazama mumewe, na Egon akaona kwenye macho yale kitu ambacho hakukijua jina lake.

“Viazi vitamu si vizuri?” akauliza, akijaribu kucheka. “Kwetu mtu akipata kiazi kitamu anashukuru.”

“Kiazi hakiwi kitamu kwa furaha,” alisema Hildur. “Kinakuwa kitamu kikianza kufa kwa baridi. Umeufunga mlango?”

“Naufunga kila siku, mama.”

“Basi niletee sleji.”

“Mama, daktari kasema—”

“Daktari ana viazi vyake. Lete sleji.”

*

Asta alimsukuma mama yake akiwa amefunikwa ngozi mbili za kondoo, Egon mbele na kandili ingawa bado palikuwa na mwanga kidogo wa samawati. Walipozunguka zizi, Hildur aliinua mkono. Asta akasimamisha sleji.

Kila kitu kilikuwa kimefunikwa hadi kiunoni: ua, zizi, miti ya beri, rundo la kuni. Katikati ya yote palikuwa na nundu moja, fupi, iliyokonda, na kingo zilizonyooka.

“Theluji yangu iko wapi?” akauliza Hildur.

Egon alielewa hapo hapo. Sababu hakuijua bado, ila kosa alilijua. “Ilikuwa imelowa, mama. Niliogopa dari litaanguka. Redioni walisema...”

“Redio ya wapi?”

“Ya... redio tu.”

“Dari hilo limebeba theluji tangu kabla sijazaliwa. Ile siyo mzigo, Egon. Ile ndiyo blanketi.” Hakupandisha sauti, na ingekuwa afadhali angepandisha. “Umemvua mtoto blanketi, halafu kila siku ukaenda kumfungia mlango.”

“Egon,” alisema Asta. “Hata kuniuliza?”

“Nilitaka kuwafurahisha.”

“Tumefurahi,” alisema Asta.

Ndani, manyoya meupe yalikuwa yamefika kwenye mbao. Viazi vya juu viligongana kama mawe ya mtoni. Egon alitumbukiza mkono hadi begani katikati ya kizimba cha mbegu, uso umebanwa kwenye ubao, akitafuta mahali palipo na uhai. Mama mkwe wake alimtazama kutoka mlangoni, juu ya sleji, kama anavyotazamwa mganga anayechelewa kutoa jibu.

Walivihamishia vyote jikoni, gunia kwa gunia, na hapo ndipo aibu ilipoanza kunuka. Kiazi kilichoganda, kikipata joto, hulia. Kinalegea, kinatoa maji, ngozi inateleza mkononi kama ya kitu kilichozama. Usiku na mchana wake Hildur alikaa na kisu na ubao, akikata ncha ya kila kiazi na kutazama. Chenye pete nyeusi ndani, chini. Kisicho na pete, ndooni. Egon alikuwa akibeba vya chini kupeleka nje kwenye lundo. Hakuna aliyemtuma wala aliyemzuia. Hildur aliacha kumwita kwa jina. “Mwambie yule alete taa.” “Muulize yule kama maji yapo.” Na yule alikuwa pale pale, umbali wa mkono.

Jumatatu jioni ndoo ilikuwa imejaa, na haikupata mwenzake.

“Mistari mitatu ya shamba,” alisema Asta. “Labda minne.”

“Tukiipanda yote bila kula hata kimoja,” alisema Hildur, “na mwakani tena, na mwaka wa tatu tena, ndipo shamba litajaa.”

“Na tutakula nini miaka mitatu?”

Hildur alifuta kisu kwenye aproni. “Muulize yule.”

*

Siku mbili baadaye Rune, kaka yake Egon, alipiga simu kutoka kusini. Simu ilikuwa ukutani jikoni, kwa hiyo kila mtu alisikia.

“Habari za barafuni!” sauti ya Rune ilisikika hadi kwenye jiko. “Huku vitunguu nimeshapanda, na yale maua madogo meupe ya kwanza yametoka chini ya mti wa mama. Nimepogoa miti ya tofaa nimevaa sweta tu, fikiria. Nyie vipi bustani?”

“Bustani imelala,” alisema Egon.

“Sikiliza. Kiwanda cha sukari wanatafuta mtu wa ghalani. Nimewatajia jina lako. Lakini wanataka jibu wiki hii, wewe mtu, si wakati wa Pasaka.”

“Nitakwambia.”

“Mkeo naye atapenda, huku kuna hewa ya binadamu!”

Egon aliweka simu mahali pake na kubaki amegeukia ukuta.

“Utakwenda?” Asta aliuliza.

“Nikienda nitaleta mshahara. Nikibaki nitaleta nini? Hata theluji sijui kuitunza.”

“Sijakuuliza unachojua. Nimekuuliza kama utakwenda.”

“Mama yako hataki hata kunitaja.”

“Mimi nakutaja. Egon. Haya, nimekutaja. Nijibu.”

Gunilla alikuwa chini ya meza na paka, na kutoka huko aliuliza kama kule kusini atakuwa na bibi mwingine au huyu huyu.

*

Ijumaa Edvin alikuja. Alipiga viatu vyake kizingitini, akavua kofia, akaketi karibu na mlango kama ilivyo ada, akangoja kuambiwa asogee. Asta alimmiminia kahawa. Lundo la viazi vilivyokufa lilikuwa likionekana dirishani, na Edvin alilitazama kwa heshima, kama mtu anavyotazama msiba wa wengine.

“Nimesikia,” akasema.

“Kila mtu amesikia,” alisema Hildur.

“Pole. Ile mbegu ya marehemu mama yako, nani asiyeijua.” Akanywa. “Sikuja kuleta maneno mengi. Nina viazi vyangu vya dukani, vile vya duara. Nitawaletea vya kula hadi vuli. Na lile shamba la ziwani, badala ya kulala bure, nilime mimi. Miaka kumi, kwa maandishi. Kodi ya kwanza naweza kuitoa leo, nimekuja nayo.” Akagonga kifua cha koti lake, na bahasha ikajibu ndani.

Mwenye aibu kuliko wote alikuwa Egon, kwa sababu alikuwa ameshaanza kupiga hesabu. Bahasha ile ingemlipia nauli ya kusini na kumwachia Asta kitu. Ingekuwa suluhu safi. Mjinga anaondoka, shamba linalimwa, watu wanakula.

“Ni ofa ya haki,” akasema, sauti ikiwa imekauka. “Mama, mimi nadhani tukubali. Mimi nitakwenda kwa Rune.”

“Mtu mwenye akili huyo,” alisema Edvin kwa upole. “Si kila mtu ameumbiwa huku. Mimi siku ile nilipokuona juu ya handaki nilijisemea, huyu maskini, Machi haimkuti hapa.”

Asta aliweka birika mezani kwa kishindo. “Siku ile ipi?”

“Ile siku alipokuwa anafukua.”

“Ulimwona?”

“Nilipita.”

“Theluji ilikuwa bado iko juu?”

Edvin alizungusha kikombe. “Nusu ilikuwepo.”

Sasa Egon naye alikumbuka. Alikumbuka macho yale yakipanda mbinguni na kushuka. “Uliangalia mbingu,” akasema. “Ulijua baridi inakuja.”

“Mtoto wa miaka mitano hapa angejua.”

“Ukaniambia ‘naona’! Mimi nakupa ofa ya kukufukulia na lako, ukaniambia la kwako niliache!”

“Na hukuniuliza kwa nini,” alisema Edvin.

“Neno moja, mzee Edvin!” alisema Asta. “Ungemwambia ‘acha’ tu! Angeshuka siku ile ile, angerudisha hata kwa mikono!”

Egon alikuwa ameinuka bila kujijua, na ngumi zake zilikuwa zimemtangulia. “Ulikuwa unalitaka shamba. Tangu baba mkwe wangu afariki unalitaka.”

“Chunga mdomo wako, kijana. Nani aliyeshika sepeto? Mimi?” Edvin hakuinuka, alimgeukia tu Hildur, mtu mzima kwa mtu mzima. “Hildur, hawa watoto hawajui, lakini wewe unajua tulivyolelewa. Huku mtu hamfundishi mwenzake kazi kwenye uwanja wake. Kama amekosea amekosea, si kazi ya jirani. Baba yako hakuingilia wa kwetu, na baba yangu hakuingilia wa kwenu. Ndivyo tulivyoishi kwa amani. Au nimesema uongo?”

Hildur aliangalia ndoo iliyokuwa karibu na jiko, imefunikwa shuka kuukuu. Kisha akamwangalia mkwe wake kwa mara ya kwanza tangu Jumapili, kuanzia juu hadi chini, bila upendo wowote, kama mtu anayekagua ng’ombe aliyeshamnunua.

“Hujasema uongo,” akasema.

“Ndiyo maana nakuheshimu,” alisema Edvin, na mkono wake ukaingia ndani ya koti. “Basi tuandikiane?”

“Kila mtu na uwanja wake, Edvin, mwenye mjinga na mjinga wake. Wangu atapanda mistari mitatu. Chukua kofia yako, na ukitoka ufunge mlango. Baridi uliyotuachia iingie mara ya kwanza inatutosha.”